Mtamba na Dole Gumba la Mzee Mwakajila

"Nimeonyeshwa dole gumba langu mwenyewe, Mama Lusajo. Liko kwenye karatasi, na wino wake wa bluu. Daktari anasema nilielezwa yote, nikakubali. Sasa nieleze wewe, nilielezwa na nani?"

Mzee Mwakajila alimwambia mkewe hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, koti limelowa mvua, viatu vina matope mpaka kwenye kifundo. Mkewe, Sekela, alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi za kupika. Hakuinua uso. Akamenya ya kwanza, akamenya ya pili.

"Kaa ule kwanza," akasema. "Umetembea."

"Sili. Miezi minne natembea na kitambaa ndani ya suruali kama mtoto mchanga, nasema kitakwisha. Miezi minne nalala ubavuni pako kama gogo, nasema ni kidonda tu, nguvu zitarudi. Nimekunywa mizizi ya yule mama wa sokoni mpaka nikaharisha. Nimefika hata kukudhania wewe, kwamba umenichoka. Leo nakwenda kwa daktari peke yangu, namuuliza, ananitazama kama mtu anayeongea na mlevi. 'Mzee, si ulielezwa kabla? Kwamba tukiitoa hiyo tezi, uume unaweza usisimame tena, na mkojo unaweza kuvuja? Kwamba ipo na mionzi, au kungoja? Si uliweka dole?' Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," Sekela akasema.

"Na Gwakisa?"

"Alijua."

"Na mkamwana?"

"Yeye ndiye wa kwanza kujua."

Mzee akaegemea mwimo wa mlango. "Nyumba nzima," akasema. "Labda na kuku." Halafu akasema lile lililomfanya Sekela aweke kisu chini. "Jumatatu natakiwa kurudi kupimwa damu. Sirudi. Waende hao waliokuwa wanajua, damu yao ndiyo yenye habari."

Haya, wale wawili waacheni hapo hapo mlangoni kwanza. Msimhukumu mtu ambaye hamjamjua. Ila hiyo Jumatatu mwishike vizuri, maana kipimo cha Jumatatu ndicho cha kusema kama ule ugonjwa umeng'oka au umeacha mbegu mwilini. Mtu asiyerudi hajui. Na Sekela, aliyekaa na mume huyo miaka thelathini na nane, alimjua. Akisema sirudi, harudi.

Walikuwa watu watatu waliomtoa Mzee Mwakajila kwenye mdomo wa kifo, kila mmoja na kipaji chake. Mkamwana alikuwa na masikio. Mke alikuwa na mikono. Rafiki alikuwa na mdomo. Sikilizeni walivyovitumia.

Mkamwana ni Atupele, mke wa Lusajo mwana wao, muuguzi wa hospitali ya mjini. Kule kwao, upande wa Rungwe, wako watu wanaoshika mila ya zamani: mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye. Akimwona njiani anakata kona kwenye migomba. Si chuki, ni heshima, na Mzee Mwakajila alikuwa mtu wa kuishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Basi miaka sita Atupele ameolewa pale, ng'ambo tu ya uwanja, hajawahi kumwangalia mzee usoni. Lakini usipomwona mtu utamsikia. Alimjua kwa kikohozi, kwa fimbo, kwa namna anavyofunga geti. Siku moja anafua, akamwita Sekela pembeni.

"Mama, baba anaumwa."

"Umemwona wapi wewe?"

"Sijamwona, nimemsikia. Zamani akienda kukojoa nyuma ya choo, yale mabati yalikuwa yanalia kama mvua. Siku hizi yanalia tone, tone. Na tangu nianze hizi nguo amekwenda mara tano."

Sekela alicheka, akamwambia nenda ukasikilize mabati ya mumeo. Lakini Atupele hakucheka. Akaomba nafasi hospitali, Lusajo akampeleka baba yake, damu ikapimwa, kinyama kikakatwa kikapimwa. Saratani ya tezi dume. Ila ilikuwa mapema, bado imo ndani ya ganda lake. Madaktari wakashangaa, kwa sababu wazee wengi wanakuja ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Bila yale masikio, na huyu angekuja hivyo hivyo.

Mke ndiye Sekela. Huyu habishani na mtu, mikono yake ndiyo inayobishana. Mzee aliposikia habari ya kupasuliwa alisema, "Mimi sikatwi. Kisu ni cha nguruwe." Lusajo akabembeleza, mchungaji akaja akabembeleza. Sekela akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba.

Mzee akamfuata. "Unachimba nini hapo?"

"Kaburi lako. Masika ikikolea udongo huu haunyanyuki, bora nianze ukiwa mwepesi. Njoo ulale hapa nikupime urefu."

"Una wazimu."

"Lala kidogo tu, Baba Lusajo. Nisije nikachimba fupi, ukakunja magoti mpaka siku ya ufufuo."

Siku tatu alichimba. Siku ya tatu majirani wakaanza kuja wamefunga kanga kiunoni, wanauliza nani amefariki, na Mzee Mwakajila mwenyewe ndiye anawapokea. Akavaa koti kwa hasira, akapanda gari kwenda hospitali, hakuaga. Kwenye lile shimo Sekela alipanda magimbi. Bila ile mikono, mzee angekuwa amekaa kwenye benchi lake anasubiri.

Rafiki ni Mzee Gwakisa, rika lake, walichunga pamoja wakiwa na matambara. Huyu mdomo wake ungeuza mvua huko huko Rungwe, kusikokauka mvua. Na mwenyewe alishapasuliwa tezi hiyo hiyo miaka miwili nyuma. Jioni ya kuamkia upasuaji, Sekela alimkuta mumewe wodini amevaa viatu, kofia kichwani, anatafuta mlango wa nyuma. Akampigia Gwakisa. Gwakisa akaja na bodaboda, akaketi kitandani, akafungua kifungo cha shati, akaonyesha kovu chini ya kitovu.

"Mwakajila, mimi ni maiti?"

"Si maiti."

"Juzi nimepandisha mikungu miwili ya ndizi kutoka bondeni. Wewe ulipandisha mingapi?"

"Hata mmoja."

"Sasa unakimbia nini? Vua viatu, unachafua sakafu ya watu."

Mzee akavua viatu. Asubuhi wakamsukuma thieta kupasuliwa, akatoka mzima. Bila ule mdomo angeamkia nyumbani, na ugonjwa wake tumboni.

Siku ya kuruhusiwa, mpira wa mkojo bado umening'inia mguuni, Mzee Mwakajila alisema mbele yao wote, "Ninaye mtamba mmoja mwekundu. Nikishapata nguvu, namtoa kwa yule aliyenirudisha."

Ukaanza ugomvi mtamu. Gwakisa anapita uwanjani anamwita mtamba kwa majina ya kwake. Sekela anamwambia wewe uliongea tu, mimi nilichimba. Atupele, kupitia kwa mumewe, anatuma salamu kwamba mtamba akizaa atawapa maziwa. Walikuwa wanacheka. Mzee naye alikuwa anacheka, kitambaa ndani ya suruali, anasubiri nguvu zirudi.

Hapo ndipo wengine wangemaliza hadithi, mtu akapewa ng'ombe tukaenda kulala. Lakini mambo haya yana upande wa pili, na upande wa pili ni watu hao hao watatu na vipaji vile vile.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Kijana wa kutoka kanda ya ziwa, mpole. Alikaa na Mzee Mwakajila, akamchorea na picha. Mzee akawa anaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama wazee wanavyoitikia mbele ya mtu aliyesoma, hata angeambiwa kesho tunakukata kichwa. Daktari akaona haya hayaingii. Na papo hapo akaitwa, mama mjamzito amezidiwa. Akamgeukia Atupele aliyekuwa ukumbini. "Sista, mzee si ni wa kwenu? Mweleze kwa lugha ya nyumbani. Mwambie kuna njia tatu. Kupasuliwa, na hatari yake ni uume kutosimama na mkojo kuvuja, kwa muda au moja kwa moja. Mionzi, iko mbali, pwani, wiki nyingi, nayo inaleta madhara kama hayo lakini polepole. Au kungoja, tunampima kila baada ya miezi, maana ugonjwa wake bado mdogo na unatembea taratibu, ingawa unaweza kututoroka. Kila njia mwambie na ubaya wake. Achague yeye. Akichagua ndiyo aweke dole."

Daktari wa watu angejuaje mila ya milimani? Alimtuma mtu mmoja tu katika hospitali nzima asiyeweza kufungua mdomo mbele ya mzee yule. Na Atupele, kwa sababu amevaa sare, aliona aibu kusema siwezi. Muuguzi mzima aseme mila inanikataza kazi? Akasema sawa, daktari. Halafu akaenda kwa mama mkwe wake nyuma ya wodi, penye kamba za kuanikia.

"Mama, mwambie wewe. Mimi hata nikisimama nyuma ya pazia, neno uume siwezi kulitoa likamfikia baba. Nitaanguka." Akamwambia yote, njia zote tatu, hakupunguza kitu. Lakini aliyeambiwa si aliyekuwa anakatwa. Masikio yaliyosikia mabati hayakuwa na mdomo.

Sekela akaenda kitandani kwa mumewe. Mumewe akamuuliza, "Wamesemaje?" Mikono yake ikashika shuka ikalikunja, ikalikunjua, ikalikunja. Alimwangalia akawaza, huyu nikimwambia habari ya suruali anatoka hapa kwa miguu, ananifia nyumbani, na shimo nimelichimba mwenyewe. "Wamesema upumzike," akasema. Jioni alipompigia Gwakisa alimwambia hivi: "Shemeji, mambo yenyewe unayajua, umeyapitia. Mwambie wewe, mwanaume kwa mwanaume."

Gwakisa akaja. Kovu akaonyesha. Na alikuwa anakwenda kusema, mjue hilo, alishafika kwenye "lakini ndugu yangu". Tangu apasuliwe yeye mwenyewe ilikuwa miaka miwili hajamwingilia mkewe, na hakuna aliyejua zaidi ya mkewe. Lile neno likafika kwenye meno. Akafunga kifungo cha shati. "Lakini ndugu yangu," akasema, "chakula cha hospitali hakina chumvi, nikuletee nini?" Mdomo wa kuuza mvua ukaishia kwenye chumvi.

Asubuhi muuguzi wa zamu akaja na karatasi, imeandikwa kwa Kiingereza. "Mzee, umeelezwa?" Mzee akamwangalia mkewe. Mkewe akamwangalia Gwakisa. Gwakisa akaangalia dirisha. "Nimeelezwa," mzee akasema, kwa sababu alikuwa ameelezwa kwamba atapona. Akatoa dole.

Mmeona. Sasa turudi.

Tangu siku ile ya mlangoni Mzee Mwakajila alikuwa anajichomea ndizi mwenyewe, analala chumba cha wageni. Sekela anaweka chakula, chakula kinapoa, anawapa nguruwe. Jumamosi mzee akamtuma Lusajo awaite watu. Wakaja uwanjani: Sekela, Gwakisa, Lusajo. Atupele akakaa nyuma ya ukuta wa jiko kama inavyompasa, anasikia bila kuonekana. Mtamba amefungwa kwenye nguzo ya geti, anakula maganda.

"Niliahidi," Mzee Mwakajila akasema. "Sitaki kuitwa mwongo, waongo tunao wa kutosha. Anayeitaka kamba aseme."

Watu waliogombea mtamba miezi minne, leo kila mtu anaangalia vidole vya miguu yake.

Gwakisa akakohoa. "Mwakajila, usitununie kama mwali. Unapumua. Unasema. Unatutukana. Maiti hatukani."

"Uliniambia umepandisha mikungu miwili."

"Nilipandisha."

"Na nyumbani kwako ulipandisha nini?"

Lusajo akainamisha kichwa, maana mtoto hakai penye maneno hayo. Gwakisa akavua kofia akaishika magotini. "Sikupandisha kitu," akasema. "Miaka miwili sasa. Haya, umenivua nguo mbele ya shemeji na mbele ya mtoto. Umeridhika? Mimi niliogopa kukuambia. Nilijua utatoroka."

"Wewe walikuambia kabla?"

"Waliniambia."

"Ulitoroka?"

"Nilikaa usiku mmoja nawaza. Nikakubali."

"Basi wewe ulipewa usiku wako wa kuwaza," Mzee Mwakajila akasema. "Wangu mlinilalia nyinyi. Ulikuwa na kifua cha kusikia, mimi ukaona sina. Tangu utoto nani alikuwa anamkimbia chatu, mimi au wewe?"

"Mimi," Gwakisa akasema.

"Wewe."

Sekela akaona maneno yanakwenda upande mmoja. Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Maliza na mimi sasa."

"Wewe uliamua habari ya kitanda chetu peke yako."

"Niliamua kiwe na mtu."

Sekela akaendelea.

"Nina miaka hamsini na saba, Baba Lusajo. Sijazeeka wala sijafa. Unasema umepokonywa, na mimi je? Nani alinitolea mimi karatasi nikaweka dole? Nilikaa nyuma ya ile wodi, kwenye zile kamba, nikapima. Huku kuna mume mzima wa chini ya udongo. Huku kuna mume wa juu ya udongo aliyepungua. Nikachukua aliyepungua. Na leo ukinirudisha pale nitachukua yule yule. Sikuombi msamaha kwa hilo." Akakaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nakuomba kwa lile la shuka. Uliponiuliza wamesemaje."

Lusajo akajitia ujasiri. "Baba, tuseme ukweli. Ungeambiwa, ungekataa."

"Labda," mzee akasema. "Labda ningekataa nikafa kama mbishi. Labda ningekubali kabla daktari hajameza mate. Labda ningepanda basi nikaenda kwenye hiyo mionzi, nikaiona na bahari. Sijui. Na sitajua, Lusajo. Mnadhani nalia kwa ajili ya kilichomo kwenye suruali. Nalia, ndiyo. Lakini huyo Mwakajila wa siku ile, ambaye angesema ndiyo au hapana, simjui ni mtu gani, na hakuna wa kunionyesha."

Mtamba alikuwa anatafuna tu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko.

"Baba."

Lusajo alishika kichwa. Sekela alifunga macho. Miaka sita neno hilo halijawahi kuvuka uwanja ule kutoka kinywa kile.

"Baba, ni mimi Atupele. Nimegeukia ukuta, sikuangalii, lakini nasema. Nilitumwa nikuambie nikashindwa, sasa nakuambia. Mishipa ya uume inapita karibu na ile tezi. Ukipasuliwa, inaumia. Kwa wengine inaamka baada ya mwaka, hata miaka miwili. Kwa wengine haiamki. Vipo vidonge, vinawasaidia baadhi, si wote, na lazima daktari aupime moyo wako kwanza. Mizizi ya sokoni acha. Mkojo kuna mazoezi ya kubana, nitampa mama akuonyeshe, wengi unawakauka, wachache unabaki. Na Jumatatu wanatafuta kama kuna saratani iliyobaki. Ikiwepo watakuambia habari ya mionzi, na mionzi nayo ina yake. Nimemaliza. Hakuna nililobakiza."

Mzee Mwakajila hakugeuka. Kwa mila alitakiwa ainuke aondoke. Hakuinuka. Akaongea akiwa ameliangalia geti.

"Umesema mwaka au miaka miwili."

"Au isiamke kabisa, baba."

"Kabisa."

"Nimesema kabisa."

"Haya," mzee akasema. "Hilo nimelisikia."

Gwakisa akamnong'oneza Sekela kwamba mkamwana amevunja mila, hili litatakiwa kusemwa kwa wazee wa ukoo. Sekela akamwambia, shemeji, kabla hujaenda kwa wazee, nenda ukamwombe mkeo samahani kwa kujisifia mikungu huku ya nyumbani unayajua. Gwakisa akairudisha kofia kichwani.

Mzee Mwakajila akaenda kwenye nguzo akafungua kamba ya mtamba.

"Jumatatu nakwenda," akasema. Sekela akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu mlangoni. "Nakwenda, lakini siingii kwa daktari peke yangu. Yule kijana anaongea mbio, na mimi nikimwona na lile koti jeupe naitikia tu, hiyo tabia ninayo. Nataka mtu mmoja wa kukaa na mimi kwenye kile chumba. Anisikilizie, na kila neno litakalosemwa anipe kama lilivyo, hata kama litanichoma. Halafu mimi ndiye nitaamua, na yeye atanyamaza. Huyo ndiye atakayechukua huyu mtamba. Nilisema namtoa kwa aliyenirudisha. Nasema tena hivyo hivyo, kwa sababu bado sijarudi."

Gwakisa akasema, "Basi ni mimi. Hakuna mwingine hapa aliyelala kwenye kile kitanda na kovu lile. Na leo nimeshavuliwa nguo, sina tena cha kuficha. Mtu ambaye hana cha kuficha ndiye wa kumwamini."

Sekela akasema, "Cha kuficha huna kwa sababu umekamatwa. Mimi sikukataa. Aliponiuliza mlangoni nilimwambia nilijua, sikumzungusha. Na hilo litakaloamuliwa chumbani kwa daktari, mimi ndiye nitalala nalo. Haiwezekani mara ya pili tena nisubiri kwenye kamba za nguo."

Lusajo ndiye aliyemsemea mkewe, "Baba, maneno ya daktari anayeyaelewa kweli kweli ni mmoja tu. Na ndiye pekee aliyelipa kitu leo, amevunja mila kwa ajili yako."

"Alilipa leo," Gwakisa akasema, "kwa sababu hakulipa siku ile. Angelipa siku ile, sote tusingekuwa hapa. Na atakaa vipi chumba kimoja na baba mkwe wake? Ataongea na ukuta wa daktari?"

"Na wewe shemeji," Sekela akasema, "siku ile ungemalizia ile 'lakini' yako, tusingekuwa hapa vile vile."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mzee Mwakajila alisimama katikati ya uwanja, kamba mkononi, mtamba nyuma yake. Mkono wa kamba aliunyoosha mbele, hakumwelekezea mtu. Akasema, "Nisaidieni."

Haya, mmemsikia. Kamba iko hewani. Masikio, mikono, mdomo, kila mmoja alimwokoa, na angekosekana mmoja tu, mzee angekufa. Kila mmoja alimficha, na angesema mmoja tu, angejua. Mtamba ni mmoja, na kiti cha pembeni kwa daktari ni kimoja. Usiniambie wagawane, ng'ombe huyu hachinjwi. Usiniambie amnyime kila mtu, Jumatatu inakuja na hawezi kwenda peke yake. Wewe uliyekaa hapo, kama kamba ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?

Jibu lako usinipe mimi. Nenda nalo kwenu, simulia hadithi hii kwa mtu mmoja, awe baba yako au mumeo au shemeji, umuulize na yeye. Ila ukifika pale penye aibu, pale Atupele alipotaja kitu kwa jina lake, usiparuke. Patamke na wewe kama alivyotamka yeye, halafu subiri akujibu.